Msimulizi, Mtumwa na Masikio Yetu

Swali tunalopenda kulileta mbele ya walimu wenzetu ni hili: mtu anayeisimulia kwa lugha yetu tamthilia iliyotungwa ng'ambo, ana dhamana gani kwa wale wanaoteswa ndani yake? Yamkini wako watakaosema kwamba hana dhamana yoyote, kwa kuwa yeye hakuitunga wala hakuicheza. Sisi hatukubaliani nao.

Hapa Busia, mji wenye jina moja na serikali mbili, na kwa jirani zetu wa Tororo, jambo hili si la vitabuni. Tangu miaka ya 1980 vibanda vya video vya Uganda vimekuwa na wasimulizi wake, wale waitwao ma-VJ, ambao hushika kipaza sauti na kuifasiri filamu kwa Kiganda. Kenya nayo ina ma-DJ wanaofanya kazi hiyo kwa Kiswahili, na jina la DJ Afro halihitaji maelezo kwa kijana yeyote wa huku. Watanzania wao humtaja Lufufu. Basi tamthilia za televisheni zinazohusu Roma ya kale, kama vile Rome ya mwaka 2005 hadi 2007 na Spartacus ya mwaka 2010 hadi 2013, hufika kwetu zikiwa zimekwisha kupita katika kinywa cha mtu wa pili. Mjapadhola wa Tororo humsikia Spartacus akisema Kiganda. Msamia wa Busia humsikia akisema Kiswahili. Na hakuna kati yao anayeona ajabu. Kwani ajabu iko wapi? Mtumwa kutoka Thrakia hakusema Kiingereza pia.

Lawama inayosikika mara nyingi katika vyumba vya walimu ni ya lugha. Husemwa kwamba msimulizi huharibu Kiswahili, huchanganya Sheng, na huongeza maneno yasiyokuwamo. Kuhusu ufasaha tunakiri kwamba malalamiko hayo yana msingi. Kuhusu kuongeza, tungewashauri wenzetu wapunguze ukali. Publius Terentius Afer, ambaye inasemekana alizaliwa Carthage katika Afrika ya Kaskazini, alipelekwa Roma akiwa mtumwa, akasomeshwa na bwana wake, akaachwa huru. Tamthilia zake sita zilichezwa baina ya mwaka 166 na 160 kabla ya Kristo, na zote zilitokana na tamthilia za Wayunani. Washindani wake walimshitaki kwamba alizichanganya, akitwaa kipande hapa na kukipachika pale. Naye alijitetea hadharani, katika dibaji za michezo yenyewe. Leo yeye ni mwalimu wa Kilatini na washitaki wake wamesahauliwa. Hata Mwalimu Nyerere, aliyeifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, aliirudia na kuitoa upya mwaka 1969. Maana anayefasiri huchagua, na anayechagua aweza kuchagua tena.

Kwa hiyo kuongeza neno si dhambi. Dhambi, ikiwa ipo, tuitafute kwingine.

Mtakatifu Augustino, naye mwana wa Afrika ya Kaskazini, amesimulia habari za rafiki yake Alypius. Kijana huyu aliyachukia mapigano ya watumwa uwanjani. Siku moja, huko Roma, wenzake walimburura mpaka kwenye viti vya watazamaji, naye akaapa kwamba mwili wake utakuwapo lakini roho yake haitakuwapo. Akafumba macho. Kisha mmoja wa wapiganaji akaanguka, umati ukapiga ukelele mkubwa, na Alypius akafumbua macho kwa kutaka kujua kumetukia nini. Tangu hapo hakuyafumba tena: alitazama, alipiga kelele pamoja nao, akaondoka akiwa na kiu ya kurudi.

Aghalabu hadithi hii hutumiwa kuonya juu ya macho. Lakini hebu tuisome tena. Macho ya Alypius yalikuwa yamefungwa barabara. Kilichomwangusha ni masikio, ambayo Augustino mwenyewe anatamani kijana huyo angaliweza kuyaziba pia. Ukelele wa watu ndio uliomwambia kwamba kule mchangani pana jambo la kufurahisha. Na katika kibanda cha video, masikio yetu yako mikononi mwa nani? Yako mikononi mwa msimulizi. Picha ni ya Wamarekani, ila ukelele ni wake. Yeye ndiye anayetuonyesha mahali pa kuketi: juu, pamoja na wenye kula na kushangilia, au chini, pamoja na anayesubiri kuuawa.

Tumewasikiliza wasimulizi wengi, na tofauti zao katika jambo hili ni kubwa. Katika kibanda kimoja mtumwa anapigwa mijeledi, na msimulizi anahesabu viboko kwa sauti ya mtangazaji wa kandanda, mpaka watu wanaangua kicheko. Katika kingine, picha ni ile ile, lakini msimulizi amenyamaza. Ameacha mjeledi useme, na kibanda kizima kimetulia. Mwingine yuko ambaye bwana wa watumwa, Batiatus, hamwiti "bwana". Neno hilo, nadhani wenzetu watakubali, limekwisha kulainika kwa adabu zetu za kila siku: twamwita bwana hata muuza mboga. Msimulizi huyu husema "bosi". Waliokaa mbele yake ni waendesha bodaboda, ambao kazi yao ilianzia hapa hapa mpakani kwa baiskeli za kuvusha watu, pamoja na wachukuzi wa mizigo na vibarua wa magunia. Neno "bosi" linapotamkwa, miguno huanza. Kwa neno moja tu amewashusha kutoka kwenye viti vya mawe na kuwasimamisha mchangani. Je, kamusi ingempa neno hilo? Haingempa, nasi tunaona kwamba amefasiri vizuri kuliko kamusi.

Itajibiwa kwamba huu ni mchezo tu, kwamba damu ni rangi, na kwamba mtu aliyeshinda juani kutwa ana haki ya kucheka jioni. Ni kweli, na hatuna nia ya kumnyima mtu kicheko chake. (Suala la watoto wadogo kuingia katika vibanda usiku ni jingine, nalo ni la wazazi.) Lakini wale sita elfu waliosulubiwa mwaka 71 kabla ya Kristo kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma, baada ya Spartacus kushindwa, hawakuwa rangi. Tena kicheko si kimoja. Kumcheka Batiatus anapojinyenyekeza kwa wakubwa wake ni jambo moja. Kumcheka anayelia ni jambo la pili, na msimulizi anajua kuvitofautisha, maana ndiye anayevipika.

Darasani tumejaribu zoezi ambalo wenzetu waweza kulitumia. Huonyeshwa dakika moja au mbili za mchezo, sauti ikiwa imezimwa, na wanafunzi husimulia mmoja baada ya mwingine. Hatusahihishi kwanza ngeli wala nyakati. Twauliza darasa: je, msimulizi huyu ametukalisha na nani? Mabishano yanayofuata huwa marefu kuliko kipindi.

Kuna sababu moja zaidi inayotufanya tuipe kazi hii heshima na uzito. Spartacus na wenzake, watu kama sabini hivi waliotoroka katika shule ya mapigano ya Capua mwaka 73 kabla ya Kristo, hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Tunayoyajua yametoka kwa waandishi waliokuja baadaye, kama Plutarch na Appian, ambao hawakuwa watumwa. Hivyo kila anayempa Spartacus maneno, awe mtunzi wa Marekani au msimulizi wa Busia, anamtungia. Na aliyeko Busia hana "asili" ya kuisaliti kuliko yule wa Marekani. Plutarch anataja kwamba Spartacus alikuwa na mke, mwanamke wa kabila lake aliyekuwa na kipaji cha kutabiri, lakini jina lake hakuliandika. Watunzi wa tamthilia ndio waliompa jina, wakamwita Sura. Kwao ni jina tu la kigeni. Lakini msimulizi wa Kiswahili anapolitamka katika kibanda chenye giza, wakati mwanamke yule anauzwa na kutengwa na mumewe, wasikilizaji wake husikia kwamba aliyeuzwa ana uso.