Mwenzi Anayejitoa Mnadani

Mnada ni miongoni mwa mahali pachache ambapo neno la mtu hugeuka mali au deni kwa pumzi moja. Nyundo ikishagonga, hapana tena nafasi ya kushauriana. Kwa hivyo mashauriano yote hutangulia, na aghalabu huwa ya mdomo: ndugu au marafiki wawili hukubaliana kuinunua nyumba kwa shirika, mmoja anyanyue mkono kwa niaba ya wote, na gharama wagawane nusu kwa nusu.

Na ichukuliwe kuwa nyumba imewaangukia kwa shilingi milioni 80. Kwa kanuni ambazo Afrika Mashariki ilizirithi kutoka Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya 1908, mnunuzi katika mnada wa mahakama hulipa robo papo hapo, na salio ndani ya siku 15. Asipotimiza, nyumba hunadiwa upya, arubuni yake yaweza kutaifishwa, na bei ya pili ikipungua, pengo hudaiwa yeye. Wenzi wametoa milioni 10 kila mmoja. Siku ya nne mmoja anasema amejitoa, na milioni zake 10 zipotee tu.

Husikika kama mtu aliyejihukumu mwenyewe, tena kwa ukali. Lakini fedha hizo si kipimo cha alichokitenda. Mwenziwe, lau angekuwa peke yake, asingalivuka milioni 40. Bei ya 80 imejengwa kwa ahadi ya wawili, na ahadi hiyo imeshatumika. Hairudi kwa mwenyewe kama kanzu iliyoazimwa. Anayebaki ana siku 11 za kutafuta milioni 60, ama apoteze na zake 10 kwa uamuzi asioufanya.

Yamkini sababu ya kujitoa ni nzito: mtoto amelazwa, au biashara imezama. Hapo watu huchanganya lawama na hasara. Anayevunja mlango wa jirani ili auzime moto halaumiwi, bali mlango haujitengenezi. Mwenye udhuru wa kweli husamehewa kosa. Pengo alilolifungua huendelea kuwa lake, hata kama atapewa muda mrefu wa kuliziba. Asiye na udhuru, aliyeingiwa na hofu tu usiku, hadai hata muda huo.

Fikihi ililiona tatizo la mshirika anayeondoka, ikaweka shufaa: akiuza fungu lake kwa mgeni, aliyebaki ana haki ya kulichukua kwanza kwa bei ileile. Ila shufaa hudhani kuwa umiliki umeshapatikana. Baina ya nyundo na malipo hapana fungu la kuuzwa. Pana neno tu. Mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Pallant v Morgan iliyoripotiwa mwaka 1953, ilikabiliana na upande wa pili wa neno hilo. Jirani mmoja aliacha kushindana mnadani kwa makubaliano kuwa ardhi itagawanywa. Aliyeshinda akataka yote. Ikaamuliwa kuwa anaishikilia kwa amana ya wote wawili, ijapokuwa masharti ya mgawanyo hayakuwa kamili. Ikiwa neno lisilokamilika laweza kumpa mtu haki juu ya ardhi, ni vigumu kueleza kwa nini lisimtwishe mzigo wake.

Yupo pia mtu asiyetajwa katika mabishano ya wenzi: mdaiwa ambaye nyumba ilikuwa yake. Mnada wa pili ukileta bei ndogo, ni deni lake linalobaki kubwa, mpaka pengo lile lilipwe.

Linalotatanisha zaidi ni pale anayebaki anapofaulu. Amekopa, amelipa, na baada ya miaka michache nyumba ina thamani maradufu. Aliyejitoa anakumbuka milioni zake 10 zilizomo ndani ya kuta. Kurejeshewa hizo 10, baada ya kukatwa gharama za mkopo alioulazimisha, ni haki yake. Faida si yake: siku ya nne aliikataa pamoja na hatari yake, na mwenziwe ndiye aliyelala macho siku 11 zilizofuata.