Ukweli wa Picha Yenye Nyakati Nyingi

Picha ya ufuko inayotokana na kuunganisha picha kadhaa, kila moja ikiwa imepigwa kwa kuiacha kamera wazi sekunde nyingi ili ipokee mwanga hafifu wa jioni, huzua swali la kifalsafa: je, picha hiyo husema kweli, ilhali hakuna jicho lililowahi kuona kwa pamoja yote yaliyomo? Bweremana, katika wilaya ya Masisi mashariki mwa Kongo, ambako milima hushuka hadi Ziwa Kivu, swali hili ni zito, kwa sababu anga huwa bado na nuru wakati miteremko imekwisha kumezwa na giza, nazo taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, huwashwa baadaye, hata picha moja isiweze kuvipokea vyote vitatu.

Kuunganisha kwenyewe si udanganyifu. Katika miaka ya 1850 mpigapicha Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu, kwa kuwa kemikali za enzi hizo ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu na kuifanya anga iwe nyeupe tupu. Isitoshe, hata picha moja ya sekunde 30 imekwisha kukusanya nyakati nyingi. Kwa hiyo kipimo cha ukweli wake hakiwezi kuwa upesi wa kamera, bali ni uaminifu wa mpigapicha kwa kila kilichokuwapo katika muda alioukusanya.

Hapo ndipo njia ya kuunganisha inapogeuka kuwa suala la maadili. Njia ya wastani, yaani kukokotoa wastani wa mwanga wa picha zote katika kila nukta, hutuliza maji na kufifisha chochote kinachopita. Njia ya nuru kuu, ambayo katika kila nukta huchagua mwanga uliozidi, huhifadhi mstari wa kila taa iliyopita gizani. Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipopiga picha ya mtaa wa Paris mwaka 1838, kwa dakika kadhaa, umati uliokuwa ukitembea ulitoweka, akabaki mtu aliyesimama kung'arishwa viatu: kilichohifadhiwa kilikuwa kile kilichotulia.

Katika eneo hili la Masisi, kupita si jambo dogo. Tangu mwaka 1993, vita vilipozuka Ntoto wilayani Walikale na kuenea Masisi, familia nyingi zimehama, zikarudi, zikahama tena, zikishika njia za kando ya ziwa au kuvuka mito kama Lowa. Picha inayowafuta wapitao ili ufuko uonekane mtulivu huwatendea wakazi hao kana kwamba hawakuwapo.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alieleza katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba marehemu hubaki katika kipindi alichokiita Sasa maadamu yupo aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Kwa mtazamo huo, wakati uliopo ni mpana kuliko nukta moja, na upana wake hutegemea wanaokumbuka. Mpigapicha anayeunganisha nyakati hushiriki kazi hiyo ya kukumbuka. Basi ana wajibu wa kueleza jinsi picha ilivyotengenezwa, na, pale uzuri wa maji matulivu unaposhindana na alama ya mtu aliyepita, kumchagua mtu.