Seli za betri na jirani

Betri ya laptopu ikifa, mara nyingi haijafa yote: seli moja mbili tu ndizo zimechoka. Fundi anazipima, zile nzima anaziunga pawabenki, na usiku tunachaji simu. Kazi safi, naisifu. Lakini seli iliyoshuka chini ya volti 2 ikichajiwa tena inaweza kupiga shoti ndani, ikawaka. Wapo wanaoiuza hivyohivyo: "Mteja si amekubali bei?" Amekubali, sawa. Ila kuta zetu ni turubai, na nyuma ya turubai amelala mtoto wa jirani ambaye hakununua kitu. Yeye nani alimuuliza? Mimi nasema seli hiyo isiuzwe, hata kama ndiyo faida ya siku. Wala isitupwe jalalani. Iwekwe kwenye mchanga mkavu, na ninyi wa mashirika mtuonyeshe pa kuipeleka.