Mwalimu Kando ya Uwanja

Katika kisiwa cha Nkombo, ziwani Kivu, watoto wa wavuvi husuka mpira kwa majani makavu ya migomba, wakacheza. Mwalimu akiwapo, huwaonya na kuwaamulia. Asipokuwapo, hucheza vilevile. Jambo hili dogo latuletea swali kubwa: mlezi hupimwa kwa utii wa wanafunzi mbele ya macho yake, au kwa matendo yao akiwa hayupo?

Tumtazame Edward Carey Francis, mmoja wa walimu wa mwanzo waliokuza kandanda mashuleni Afrika Mashariki. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akafundisha hisabati Cambridge, kisha mwaka 1928 akaiacha heshima ile, akaja Maseno, Kenya. Tangu 1940 hadi 1962 aliiongoza shule ya Alliance, huko Kikuyu. Msomi huyu hakuona haya kuingia uwanjani na vijana. Kwake mchezo ulikuwa darasa la tabia: kumpa mwenzako mpira, kutii kipenga, kushindwa bila kinyongo.

Hata hivyo, tusimsifu kwa upofu. Nidhamu yake ilikuwa kali, nayo ilikaa ndani ya utawala wa kikoloni. Oginga Odinga, aliyefundisha Maseno chini yake, alipingana naye, na baadaye akawa mpigania uhuru mashuhuri. Ngugi wa Thiong'o, mwanafunzi wa Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, aliishutumu elimu ya kikoloni maisha yake yote. Je, mkufunzi alishindwa?

Wako watakaosema kwamba watu hao walifaulu licha yake, wala si kwa sababu yake. Huenda ni kweli. Hatuwezi kumpa mwalimu sifa ya kila tunda. Lakini twasema hivi: samaki hukunjwa angali mbichi, ila binadamu si samaki. Mchezaji anayengoja kuamriwa kila teke si mchezaji. Mpira ukishaanza, mkufunzi hana mguu uwanjani, naye akilia kwamba vijana wamechagua njia nyingine, alitaka watumwa, hakutaka wachezaji.

Baada ya 1962 Francis aliuacha ukuu, akawa mwalimu wa kawaida Pumwani, Nairobi, hadi alipofariki mwaka 1966. Hapo ndipo twaona somo lake lililo bora. Ndugu walimu, kushika kipenga ni kazi. Kukiweka chini kwa wakati wake ni utu.