Kuziba Ufa na Kuunga Upinde

Wahenga walituachia methali isemayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuiandika ubaoni, nasi kwa miaka mingi tumewaeleza wanafunzi wetu kuwa methali hii yahimiza kutengeneza jambo dogo kabla halijawa kubwa. Hatukukosea. Lakini upinde mmoja ulitufundisha kuwa kitenzi "kuziba" kina sura mbili. Mtu aweza kuziba ufa ili kitu kipone, na aweza kuuziba ili usionekane tu. Basi swali la makala haya ni hili: anayetengeneza kilichopasuka ana wajibu gani kwa yule atakayekitumia?

Sisi twaishi Rusizi, magharibi mwa Rwanda, katika eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu, pale mto Rusizi unapotoka katika Ziwa Kivu na mji wa Bukavu ukionekana ng'ambo. Huku upinde huitwa umuheto, kutokana na kitenzi guheta, yaani kupinda. Kwa hiyo Kinyarwanda na Kiswahili vimekiita chombo hiki kwa fikra moja. Zamani, eneo hili lilipokuwa likiitwa Kinyaga, neno hilo la umuheto lilitaja pia mafungamano baina ya ukoo na mkuu wa jeshi: ukoo ulitoa ng'ombe mara kwa mara, naye mkuu akaulinda. Upinde, basi, ulikuwa pia jina la kutegemeana. Siku hizi uwindaji umepigwa marufuku katika msitu wa Nyungwe, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na upinde umebaki zaidi katika ngoma ya intore, katika makumbusho, na katika mchezo wa kulenga shabaha uitwao kumasha. Hata hivyo, upinde ukivutwa ni upinde, uwe wa vita au wa mchezo.

Tutazame kwanza chombo chenyewe. Upinde wa mti unapovutwa, upande wa nje, unaoelekea shabaha, hunyooshwa kwa nguvu. Na upande wa ndani, unaomwelekea mpigaji, hubanwa. Kwa sababu hiyo nyufa hazilingani. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mti kwa urefu aghalabu hutokana na mti kukaushwa upesi. Huo waweza kutiwa gundi na kuzungushiwa uzi, na upinde ukatumika kwa miaka. Ufa unaokatiza nyuzi upande wa nje ni wa hatari, kwa maana hapo ndipo mti unaponyooshwa zaidi. Kibanzi kikianza kuinuka, upinde waweza kukatika kwa ghafla. Ama mikunjo midogo inayokatiza upande wa ndani, hiyo ni dalili kuwa nyuzi zimekwisha pondeka, wala gundi haiwezi kuzirudishia uzima.

Fundi mwaminifu hufanyaje? Huvua upote, husafisha ufa, na huingiza gundi nyepesi mpaka ndani. Kisha hukaza kwa uzi, au kwa kano za mnyama zilizolowekwa, ambazo hujikaza zaidi zinapokauka, na huuacha upinde upumzike siku kadhaa. Baada ya hapo hufanya jambo ambalo wengi hulisahau: huukwangua mti kidogo kidogo, juu na chini ya mshiko, ili upinde upungue ukali na mzigo usilemee pale palipoumia. Upinde huo utarusha mshale, ila si mbali kama zamani. Na ule uzi uliozungushwa hubaki wazi, kila mtu auone.

Sisi hatukufanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, shule tuliyokuwa tukifundisha ilijitayarisha kwa siku ya utamaduni, na katika pinde zilizoazimwa mmoja ulikuwa na ufa mfupi upande wa nje, umekatiza nyuzi. Muda ulikuwa mchache na wageni walikuwa wengi. Tulichanganya gundi na vumbi la mbao, tukajaza ufa, tukapiga msasa, tukapaka vanishi. Upinde uling'aa kuliko ulivyong'aa ulipokuwa mpya, na wenzetu wakatusifu. Mvulana mmoja wa darasa letu, mwenye mkono mzuri, alikabidhiwa upinde huo, wala hatukumwambia neno. Alivuta mara ya kwanza, akavuta mara ya pili. Mara ya tatu upinde ulikatika palepale, na kipande kikampasua juu ya jicho. Kwa rehema za Mungu jicho lilisalimika. Alipokuwa akifungwa kitambaa alituuliza kwa upole, "Mwalimu, ufa huu ulikuwapo?" Hakuna swali la mwanafunzi lililowahi kutulemea kama hilo.

Tangu siku ile tumejiuliza kosa letu lilikuwa lipi hasa. Halikuwa kutengeneza upinde, maana kutupa kila chenye ufa ni ubadhirifu, tena ni ukosefu wa shukrani kwa mikono iliyokichonga. Wala halikuwa kutojua ufundi peke yake, maana asiyejua aweza kuuliza. Kosa lilikuwa kumwondolea kijana hiari yake. Kama tungalimwambia, angaliweza kuvuta nusu, au kuomba upinde mwingine, au kukataa kabisa. Sisi tulijua, yeye hakujua. Lakini aliyeihatarisha ngozi yake ni yeye.

Yamkini msomaji atasema: kila chombo kikitembea na aibu yake, nani atakinunua? Na fundi atakula nini? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa ni kweli watu hupenda kitu kizima. Lakini tutofautishe aibu na habari. Uzi uliozungushwa juu ya ufa haumfedheheshi upinde wala fundi. Humwarifu mtumiaji mahali pa kuangalia na kiasi cha kuvuta. Anayeuficha ufa huuza nguvu ambazo upinde hauna, na nguvu hizo zisizokuwapo atakuja kuzilipia mtu mwingine.

Nchi yetu imelijua jambo hili kwa uzito mkubwa kupita wa upinde. Mahakama za gacaca, zilizofanya kazi kati ya mwaka 2002 na 2012 kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, zilimpunguzia adhabu aliyekiri, akasema kweli na kuomba msamaha. Hatuthubutu kulinganisha damu ya watu na mti, wala hatudai kuwa kila jeraha lilipona. Twasema hili tu: hata pale palipopasuka kuliko kote, kuunga kulitakiwa kuanze kwa kutaja.

Nasi walimu tuna nyufa zetu. Mwanafunzi anayepandishwa darasa kwa alama za huruma, bila kuambiwa wapi pana udhaifu, ni upinde uliopakwa vanishi. Utakatika mbele ya wageni, nasi hatutakuwapo. Vilevile, tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wengi wetu tumeitwa kukifundisha hali tulikiokota sokoni Kamembe na kwa jirani zetu wa Bukavu. Upatanisho wa kisarufi hututeleza mara kwa mara. Si aibu kumwambia mwanafunzi, "Hapa sina hakika, tutazame kamusi pamoja." Huo ndio uzi wetu ulio wazi.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima. Kovu lake lingali juu ya jicho, naye hutuamkia kwa heshima kila tukutanapo. Swali lake tulilijibu siku ileile, kwa kuchelewa: ndiyo, ulikuwapo, nasi tuliuona. Methali ya ufa na ukuta tungali tukiifundisha, ila sasa twawauliza wanafunzi swali moja zaidi: ukisha kuuziba, utamwambia nani?