Dhambi Aliyoimeza Macbeth

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja nyuma ya tendo. Kwa Macbeth, jemadari wa Uskoti ambaye Shakespeare alimtungia tamthilia mnamo mwaka 1606 hivi, majuto yalitangulia. Mfalme Duncan yuko mezani nyumbani kwake Macbeth, huko Inverness, anakula na kunywa. Mwenyeji amemwacha mgeni karamuni, amesimama peke yake anajihesabia sababu za kutomuua. Huyu ni ndugu yake wa damu. Ni mfalme wake. Ni mgeni wake, na wajibu wa mwenyeji ni kumfungia mlango muuaji, si kushika kisu yeye mwenyewe. Tena ni mtawala mpole, ambaye kifo chake kitailiza nchi nzima. Anapotafuta sababu ya kumuua haoni ila tamaa yake tu. Mkewe anapomfuata, anamwambia waziwazi kwamba jambo hili waliachie hapo.

Usiku huohuo Duncan anauawa kitandani.

Kwa hiyo anayekisoma kisa hiki, iwe kwa Kiingereza au katika tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, akasema kwamba mtu huyu alipotoshwa na wachawi, anampa udhuru ambao hata mwenyewe hakujipa. Wachawi waliokutana naye nyikani walimwambia atakuwa mfalme. Hawakumwambia aue. Swahiba wake Banquo alikuwa naye palepale nyikani, akatabiriwa kwamba wazao wake watatawala, na papo hapo akaonya kuwa nguvu za giza humpa mtu ukweli mdogo ili zimnase katika jambo kubwa. Banquo aliisikia tamaa ikimnong'oneza kama ilivyomnong'oneza mwenzake. Akalala na upanga wake ukiwa safi.

Shakespeare aliukusudia usaliti huu uwe mbaya kuliko alivyoukuta. Macbeth wa historia alitawala Uskoti tangu 1040 hadi 1057, na Duncan wa kweli alikuwa bado si mzee alipouawa vitani. Katika kitabu cha mwanahistoria Holinshed, ambacho ndicho Shakespeare alichokisoma, Macbeth anamuua Duncan kwa msaada wa marafiki zake, na Banquo ni mmoja wao. Kisa cha mwenyeji kumchinja mfalme aliyelala nyumbani mwake kilikuwa cha mtu mwingine katika kitabu hichohicho: Donwald, aliyemuua Mfalme Duff kwa kuchochewa na mkewe. Shakespeare akakitoa kwa Donwald akamtwika Macbeth. Kumsafisha Banquo naelewa sababu yake, maana Mfalme James, aliyekuwa akitawala Uingereza wakati huo, alijihesabu kuwa wa ukoo wa Banquo. Lakini hakuna aliyemlazimisha mtunzi kumfanya Duncan mgeni. Naamini alitaka dhambi isiyo na mahali pa kujificha. Vitani watu huuana wakapongezwa, na Macbeth mwenyewe tunamjua kwanza kwa sifa anazomwagiwa kwa kumpasua adui. Sisi tunaosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hatuhitaji kuelezwa uzito wa alichokifanya. Duncan alikwenda kulala akiwa amemtuma Banquo ampelekee mama mwenye nyumba almasi, kwa shukrani ya ukarimu wake.

Kilichomvusha mtu huyu kutoka kukataa hadi kuua ni neno moja la mkewe: kwamba akirudi nyuma, si mwanamume. Mke hakuipinga hata moja ya zile sababu za mumewe. Aliugusa uanaume wake tu, naye akanyamaza.

Sasa tazama yanayofuata, maana hapa ndipo funzo lenyewe lilipo. Macbeth anatoka chumbani kwa Duncan mikono ikiwa na damu, visu bado ameving'ang'ania, na anaanza kusema. Anasema aliwasikia watu waliozinduka usingizini wakiomba akashindwa kuitikia Amina. Anasema alisikia sauti ikimwambia hatalala tena. Ni mtu anayetapatapa kutafuta wa kumsikiliza, na mbele yake yupo mtu mmoja tu duniani anayeweza kumsikia, kwa kuwa ndiye pekee anayejua. Mkewe anamkataza. Mambo haya yasifikiriwe hivyo, anamwambia, tutaingia wazimu. Anavirudisha visu yeye mwenyewe, kisha anasema maji kidogo yatawasafisha. Toka hapo mlango wa maneno umefungwa, na kila ambacho Macbeth angekisema anakitenda.

Dhamiri yake haikufa, ingawa ndivyo watu wengi wanavyomwelewa muuaji mkubwa. Dhamiri ya Macbeth ipo hai mpaka mwisho na inamtesa, ila amekwisha kuifanya adui, na sauti ya dhamiri anaisikia katika nyuso za watu. Banquo hakumtendea baya lolote. Kosa lake ni kwamba alikuwepo nyikani, na anashuku. Macbeth anawaita wauaji, na ili kuwatia ari anawachoma kwa neno lilelile alilochomwa nalo: uanaume. Safari hii mkewe anafichwa. Wawili waliofunganishwa na siri moja sasa hawana hata siri hiyo ya kugawana. Banquo anauawa, mwanawe Fleance anaponyoka, na usiku ule karamuni mzimu unakalia kiti cha mfalme. Mbele ya wageni wote Macbeth anaukana: huwezi kusema ni mimi niliyefanya. Ulikuwa wakati wa kukiri, na yeye akajitetea mbele ya maiti.

Baada ya hapo anajiambia kwamba amekwisha zama mbali mno katika damu, kurudi kunachosha sawa na kuvuka. Nimesikia maneno ya namna hiyo kwa watu ambao hawajaua mtu: aliyechota fedha za chama cha kuweka na kukopa, aliyemficha mkewe nyumba ya pili. Hesabu yao ni ileile, na ni ya uongo. Kurudi kulikuwa bado kunawezekana. Mke na watoto wa Macduff, bwana wa Fife, walikuwa bado hai.

Hao ndio waliofuata. Duncan aliuawa kwa ajili ya taji, Banquo kwa hofu. Watoto wa Macduff hawakuuawa kwa faida yoyote. Baba yao alikwisha kukimbilia Uingereza, na kuwachinja hakukumzuia.

Mkewe Macbeth, aliyesema maji kidogo yatatosha, tunamkuta anatembea usingizini, ananawa mikono isiyo na kitu, analalamika kwamba manukato yote ya Uarabuni hayataitoa harufu ya damu. Humohumo ndotoni anauliza yuko wapi mke wa Macduff. Damu ile hakuimwaga yeye wala hakushauriwa, lakini imemfikia. Daktari anayemtazama hagusi dawa. Anasema huyu anamhitaji mchungaji wa roho kuliko tabibu, na kwamba roho zilizougua huiambia mito ya kulalia siri zao, maana mito haina masikio.

Macduff anazipata habari za Fife akiwa ugenini, na Malcolm, mwana wa Duncan, anamhimiza avumilie kiume. Neno lilelile kwa mara nyingine. Safari hii limempata mtu anayelijua kuliko wanaolitumia. Macduff anajibu kwamba atavumilia, lakini sharti pia ahisi kama mwanamume. Kisha anafanya jambo ambalo Macbeth hakulifanya kwa miaka yake yote ya ufalme: anajilaumu kwa sauti, mbele za watu. Aliwaacha bila ulinzi, nao wakapigwa kwa ajili yake. Sioni mahali pengine katika tamthilia hii ambapo mtu anabaki mzima baada ya kusema kosa lake.

Macduff na Macbeth wanakutana kwenye mapambano ya Dunsinane. Macbeth, ambaye siku hiyo amekuwa akiua kila anayemkaribia, anasita. Anamwambia Macduff arudi, kwamba kati ya watu wote yeye ndiye aliyekuwa akimkwepa, kwa kuwa roho yake imekwisha elemewa na damu ya jamaa zake. Ni mara ya kwanza, toka usiku wa Inverness, anamwambia dhambi yake mtu mwenye haki ya kuisikia. Macduff anamjibu kwamba hana maneno, sauti yake imo katika upanga.