Deni la Aliyeona

Ukiulizwa, msomaji kijana, ni nani mwenye hatia gari linapopinduka kwa ubovu wake, yamkini utajibu upesi kwamba ni fundi. Jibu hilo huenda likamfaa mtu aliyempa fundi gari lake. Je, lamfaa yule aliyelifungua mwenyewe?

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu hapa Kibabii, na gari langu ni kuukuu. Likizo ya Aprili niliazimu kuitengeneza miguu yake ya mbele nyumbani, chini ya mwembe, ili nipunguze gharama. Nililiinua kwa jeki, nikatia magogo imara chini ya chasisi, kwani mwenye busara halali chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nikang'oa bushi za mpira zilizopasuka, nikatia mpya. Kazi ilinipendeza, hata nikaanza kujiona fundi.

Furaha ilikoma nilipofikia boljointi ya kushoto. Hiki ni kifundo kidogo, mfano wa kifundo cha nyonga ya mtu, kiungacho gurudumu na mkono wa chini wa gari. Kwacho gurudumu hupanda na kushuka mashimoni, na bado likautii usukani. Kikichomoka, gurudumu hulala ubavu, na dereva hubaki ameshika usukani usioongoza kitu. Nilikisukuma kwa mtaimbo, kikacheza. Fedha zilikuwa zimekwisha. Nikakipaka grisi, nikakirudisha, nikakaza nati. Kwa nje gari lilipendeza.

Kesho yake jirani aliniomba nimfikishe mwanawe Bungoma, arudi shuleni. Mtoto alipakia sanduku lake, akaketi karibu nami. Tulifika salama, naye akasema, "Asante, mwalimu."

Sasa fikiri pamoja nami. Juma lililotangulia kifundo kile kilikuwa kibovu vile vile, nami nilichukua watu bila wasiwasi. Chuma hakikubadilika; niliyebadilika ni mimi. Wako wasemao kwamba kosa hupimwa kwa madhara, na kwa kuwa mtoto alifika, hapana aliyedhulumiwa. Siwezi kukubali. Yule mtoto aliamini kwamba nilichokijua juu ya gari lile kilitosha kumlinda, kumbe nilichokijua ndicho nilichomficha. Mwingine atasema, basi ni heri kutofungua, usije ukaona. Hoja hii naiona mbaya kupita ile ya kwanza, maana akataaye kutazama kwa hofu ya atakachokiona amekwisha kuona nusu.

Nilirudi polepole, nikalipandisha gari tena juu ya magogo. Lilikaa hapo siku 9, hata mshahara ulipopatikana, nami nikienda sokoni kwa miguu. Jirani aliniuliza gari limepatwa na nini. Nilimweleza habari ya kifundo, kisha, kwa kuwa sikuweza kuishia hapo, nikamweleza na ile safari ya mwanawe. Hakunijibu. Aliinama, akalitazama gurudumu la kushoto kwa muda mrefu.